Ukuta Pacha Unapotoa Unyevu: Itafute Njia ya Maji Kabla ya Kununua Rangi

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimekolea, mama mmoja wa Gungu, hapa Kigoma, alinipigia simu asubuhi na kunisalimia kwa Kiha: "Mwakeye, mwanangu." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake: "Ukuta wa chumba cha kulala umeanza tena. Rangi ya Desemba yote imebanduka." Alikuwa amepaka rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Fundi wa kwanza alimwambia rangi ilikuwa hafifu. Wa pili alimwambia akwangue lipu yote apige nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Fedha zilitoka, na doa likarudi palepale, na umbo lake lilelile.

Nyumba yake ina kuta mbili zilizosimama sambamba: nje matofali ya kuchoma yaliyoachwa bila lipu, ndani bloku za saruji, na katikati uwazi wa kama sentimita 5. Ujenzi huu si wa kawaida kwetu. Nyumba nyingi, kuanzia Ujiji hadi Mwandiga, zina ukuta mmoja tu. Lakini watu wanapenda sura ya tofali la kuchoma lililo wazi, na baadhi ya ramani zinatoka kwa wachoraji waliozoea ujenzi wa nchi za Ulaya, ambako ukuta wa namna hii umejengwa kwa zaidi ya miaka 100. Basi nimezidi kukutana nao. Hapa nitauita ukuta pacha.

Shida ni kwamba mafundi wengi tunaujenga ukuta pacha kwa mazoea ya ukuta mmoja, na ukiharibika tunautibu kwa mazoea hayohayo: kuziba, kupaka, kufunika. Ukuta huu umejengwa kwa kukubali kwamba maji ya mvua yataingia ukuta wa nje. Ulinzi wake ni ile njia ya kuyatoa. Ukiziba njia hiyo kwa mwiko au kwa brashi, umeyafungia maji ndani.

Maji yanavyotembea humo ndani

Tofali la kuchoma hunywa maji. Lile lililoiva vizuri, ukiligonga na mwenzake, hulia kama chuma. Ukilizamisha kwenye ndoo kwa saa 24, maji liliyokunywa hayapaswi kuzidi moja ya tano ya uzito wake. Lile la pembeni mwa tanuru, lenye wekundu uliofifia, hunywa zaidi ya hapo. Mvua ya upepo ikipiga saa mbili tatu, tofali hushiba, na maji hupenya kwenye nyufa nyembamba kati ya tofali na mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga tunaouita "udongo" tukiwa saiti. Yakifika upande wa pili yanakuta hewa. Hayawezi kuvuka, hivyo huteremka kwa mgongo wa ukuta wa nje mpaka chini. Pale chini yanapaswa kukuta karatasi ya kuzuia unyevu, yaani dipisii, iliyolazwa kwa mteremko wa kuelekea nje, na juu yake vitundu vya kuyatolea.

Hewa nayo ina kazi yake. Ikiingia kwa vitundu vya chini na kutoka kwa vitundu vya juu, karibu na mwisho wa ukuta, hukausha unyevu uliobaki kwenye matofali. Ukuta wenye vitundu vya chini peke yake utatoa maji lakini utachelewa kukauka, na kwa mvua zetu zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei mwanzoni, kuchelewa huko kunamaanisha ukuta haukauki msimu mzima.

Shika vipimo hivi, maana utavihitaji ukianza kupekua. Uwazi usipungue milimita 50. Dipisii iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje, na uwazi ushuke angalau milimita 225 chini ya dipisii, ili takataka chache zikianguka ziwe na mahali pa kukaa bila kufika juu. Vitundu vya chini visiachane zaidi ya milimita 900. Mimi napenda 600. Vishikizo vya chuma vinavyounganisha kuta mbili hukaa kila milimita 900 kwa upana na 450 kwa kwenda juu, vikipishana mstari kwa mstari, na kila kimoja kizame angalau milimita 50 katika kila ukuta.

Kabla ya kushika tindo

Chukua penseli. Chora mstari kuzunguka ukingo wa doa na uandike tarehe pembeni yake. Rudia baada ya kila mvua kubwa, na baada ya kila siku nne tano za jua. Doa linalotanuka saa chache baada ya mvua lina chanzo tofauti kabisa na lile lisilotikisika mwaka mzima. Kwa yule mama wa Gungu, mistari ya wiki tatu ilinieleza mengi kuliko mafundi wawili waliotangulia, kwa sababu doa lake lilikuwa likipanda siku ya pili baada ya mvua, si siku ileile. Maji yalikuwa yanakusanyika mahali, kisha yanavuka polepole.

Kipimo cha pili: kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike juu ya doa kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unatoka ukutani. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kimeniepusha kubomoa kuta ambazo hazikuwa na kosa.

Cha tatu ni cha maji. Siku kavu, mwagia ukuta wa nje kwa mpira, au kwa ndoo na kopo kama bomba halitoki, ukianzia chini na kupanda kidogokidogo. Kila eneo lipe dakika 10 hadi 15 kabla ya kupanda, na mtu awe ndani akiangalia. Usianzie juu hata kidogo. Maji yatateremka ukuta wote, na hutajua yameingilia wapi.

Unyevu chini, usiopita kimo cha kiuno

Hili ndilo ninaloitiwa zaidi, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Rangi inavimba, lipu inalegea, ubao wa pembeni mwa sakafu unaoza. Watu husema "maji yanapanda kutoka ardhini", na mara nyingine ni kweli. Lakini kwenye ukuta pacha kuna wahusika watatu wanaofanana sura, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni ardhi iliyopanda nje. Nyumba inajengwa, dipisii inawekwa mahali pake, kisha miaka inapita. Mwenye nyumba anajaza kifusi uwanjani, anamwaga zege la kibaraza, anapanga tofali za kutembelea. Kila hatua inaongeza sentimita kadhaa, na siku moja uwanja umekuwa juu kuliko dipisii. Unyevu wa ardhini unapitia ukuta wa nje juu ya karatasi iliyokusudiwa kuuzuia, na vitundu vya kutolea maji vimefukiwa. Badala ya kutoa vinaingiza. Angalia hili kwanza, kwa sababu dawa yake ni jembe na koleo. Shusha ardhi mpaka dipisii iwe milimita 150 juu. Kama kibaraza cha zege hakiwezi kuondolewa, kata mfereji wa upana wa sentimita 20 hadi 30 kando ya ukuta, uupe mteremko wa kutoa maji, na ujaze kokoto safi.

Mji wetu una vilima, na viwanja vingi vimekatwa kwenye mteremko. Hapo nyuma ya nyumba huwa kuna ngema ya udongo mwekundu, na kila mvua hubomoka kidogo na kulala ukutani. Nimeona nyumba ambayo mbele dipisii iko nusu mita juu ya ardhi, na nyuma imefukiwa kwa nusu mita. Mwenye nyumba alikuwa akihangaika na vyumba vya nyuma tu, akidhani jua la asubuhi ndilo linalookoa vya mbele. Ngema lazima irudishwe nyuma na ishikwe kwa ukuta wake wenyewe, na katikati ya kuta hizo upite mfereji.

Wa pili ni dipisii yenyewe: haipo, imechanika, au vipande vyake viliwekwa bila kulaliana. Vinapaswa kulaliana angalau milimita 100. Unyevu wa aina hii haujali mvua ya jana. Uko msimu hadi msimu, unapungua kidogo kiangazi, na ukingo wake wa juu huwa na mstari wa chumvi. Kuingiza dipisii mpya chini ya ukuta uliosimama ni kazi ngumu ya kukata kipande kwa kipande, na mimi huiacha mpaka niwe nimewaondoa wahusika wengine wote.

Wa tatu ndiye aliyekuwa Gungu, na ndiye asiyeonekana: mota iliyoangukia ndani ya uwazi wakati wa ujenzi. Kila fundi anapobana tofali, mota hutoka pande zote mbili. Ya nje anaikwangua kwa mwiko. Ya ndani inadondoka. Kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari wa matofali, siku kwa siku, inajilundika chini mpaka inafika juu ya dipisii na kugusa kuta zote mbili. Hapo maji yanayoteremka hayafiki kwenye vitundu. Yanatua juu ya tuta la mota kavu, tuta linayanywa, na taratibu linayapeleka kwenye bloku za ndani. Ndiyo sababu doa lilikuwa likichelewa siku nzima.

Utalijuaje bila kubomoa? Ingiza waya mgumu au nondo ya milimita 6 kwenye kitundu cha chini. Ukipita ukuta wa nje, yaani kama sentimita 10 hadi 12 kulingana na tofali lako, nondo inapaswa kuingia hewani kwa sentimita 5 kabla ya kugonga ukuta wa ndani. Ikigonga kitu palepale inapotoka kwenye tofali, kuna tuta. Kama una simu yenye taa na kitundu kinaruhusu, mulika na uangalie.

Kulisafisha tuta hilo ni kazi ya subira. Fanya kiangazi, kuanzia Juni. Ng'oa matofali mawili ya kozi ya kwanza juu ya dipisii, ukikata mota kwa tindo nyembamba badala ya kupigapiga tofali. Acha karibu mita moja ya ukuta bila kuguswa, ng'oa mawili mengine, endelea hivyo. Kamwe usifungue matofali mengi yaliyoshikana, kwa maana ukuta ulio juu yake bado unahitaji pa kukanyaga. Kwa kila dirisha ulilofungua, vunja tuta kwa nondo iliyopindwa ncha, litoe kwa mkono au kwa kijiko kirefu, safisha kushoto na kulia kadiri mkono unavyofika. Hakikisha dipisii haikuchanika. Kisha rudisha matofali yaleyale kama ni mazima, ukiacha maungio ya wima yasiyo na mota kila milimita 600. Subiri mota ikaze siku kadhaa ndipo ufungue sehemu zilizoachwa.

Gungu tulitoa ndoo 19 za mota kavu kwenye ukuta wa mita 8. Katikati ya tuta kulikuwa na vipande vya tofali, mfuko wa saruji uliokunjwa, na kipande cha kamba ya kupimia.

Madoa yaliyopangwa kama vifungo vya shati

Ukiona madoa madogo ya mviringo, yameachana kwa umbali unaofanana na kupishana mstari kwa mstari, huhitaji kipimo kingine. Hayo ni mahali pa vishikizo. Chuma kinachovuka uwazi kinapaswa kuwa na mkunjo katikati, ukielekea chini, ili tone linalotembea juu yake lidondoke kabla ya kufika ndani. Mota ikitua juu ya kishikizo, tone linapata daraja. Au kishikizo kimewekwa kikiinamia ndani, na maji hayana sababu ya kudondoka.

Tatizo hili likiwa doa moja au mawili, ng'oa tofali moja la nje mahali pale, safisha kishikizo, rudisha. Likiwa ukuta mzima, uamuzi ni mgumu: unaweza kuishi nalo ukiboresha upenu na hewa ya juu ili ukuta wa nje usilowe sana, au unabomoa ukuta wa nje na kuujenga upya. Mwenye nyumba aambiwe wazi njia zote mbili na gharama zake. Kwenye ujenzi mpya ni rahisi kuzuia: laza ubao mwembamba ndani ya uwazi juu ya vishikizo, uufunge kamba ncha zote mbili, na ukifika mstari unaofuata uvute juu pamoja na mota iliyodondokea humo, uukwangue, uulaze tena. Ubao mmoja na dakika tano kila kozi sita.

Juu ya dirisha na mlango

Doa linaloning'inia kutoka juu ya dirisha kama pazia, au maji yanayotiririka kwenye fremu, linatokana na linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha au mlango. Kwenye ukuta mmoja, linta ya zege huchukua unene wote wa ukuta na hakuna ubaya. Mafundi wameizoea, basi wanaimwaga hivyohivyo kwenye ukuta pacha, ikivuka uwazi wote. Maji yanayoshuka humo ndani yanatua juu ya zege na kuelekea popote, mara nyingi chumbani.

Juu ya kila linta inatakiwa karatasi nene ya dipisii iliyokunjwa kama trei: inaanzia juu kwenye ukuta wa ndani, inashuka kwa kuvuka uwazi, inatokeza kwenye ukuta wa nje. Ncha zake zipite mwisho wa linta na zikunjwe juu ili maji yasidondokee pembeni, na juu ya trei viwepo vitundu visivyopungua viwili. Kuiongeza nyumba ikiwa imekwisha kujengwa kunawezekana kwa kung'oa kozi mbili au tatu za nje, kipande kwa kipande, huku juu kukiwa kumeshikiliwa. Iache kwa mwashi aliyewahi kuifanya.

Na pembeni mwa dirisha, pale uwazi unapofungwa kwa tofali ili fremu ipate pa kushika, lazima kuwe na dipisii ya wima kati ya tofali hilo na ukuta wa nje. Nimeikuta mara chache mno.

Chumvi nyeupe

Unga mweupe kwenye tofali la kuchoma huwatia watu hofu. Hauhusiani na chumvi ya Uvinza. Ni madini yaliyomo kwenye udongo wa tofali, kwenye saruji au ardhini, ambayo maji huyayeyusha na kuyaleta juu; maji yakikauka, madini yanabaki. Nyumba mpya kutoa unga mwaka wa kwanza si jambo la kutisha. Ufagie kwa brashi ngumu kavu, uukusanye, uutupe mbali. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani ya tofali.

Unga unaorudi kila msimu, mahali palepale, ni alama ya njia ya maji. Ukiwa chini karibu na vitundu vilivyoziba, tayari umejua pa kuanzia.

Vitundu vipo lakini havitoi kitu

Hapa sababu ni nyingi na zote ni za kawaida. Mpiga lipu alivifunika alipokuwa akipamba sehemu ya chini ya nyumba. Mpaka rangi alivijaza. Nyigu wa udongo walijenga ndani yake, jambo la kila mwaka huku kwetu. Zibua kwa waya, usitumie msumari mnene utakaopasua tofali, kisha weka kipande cha wavu mgumu usiooza. Wavu wa mbu wa matundu madogo sana huziba kwa vumbi msimu mmoja, hivyo chagua wa matundu makubwa kidogo.

Ukitoa udongo mkavu wenye umbo la vijia, simama. Hao ni mchwa. Uwazi wa ukuta pacha ni njia yao ya siri kutoka ardhini hadi kwenye kenchi, na unaweza usiwaone mpaka mbao za paa zianze kulia. Dawa ya mchwa iwekwe kabla ya kuendelea na jambo lolote jingine, na tuta la mota litolewe, kwa sababu wao hupenda kupandia hapo.

Kuvu kwenye kona na nyuma ya kabati

Kama nailoni ilionyesha matone upande wa chumbani, acha ukuta wa nje. Madoa meusi kwenye kona za juu, nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, au juu ya dari ya bafu ni unyevu wa hewa ya ndani unaotua mahali pa baridi. Jiko linachemka humo, nguo zinaanikwa ndani kwa sababu ya mvua, madirisha yamefungwa usiku, na matundu ya hewa ya juu yamezibwa kwa magazeti kuzuia mbu. Fungua matundu na uweke wavu. Sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Mwenye pumu asilale chumba hicho mpaka kikauke, kwani kuvu humzidishia.

Kuna kosa moja linalohusu ukuta pacha peke yake. Tundu la hewa la chumba likitobolewa kuta zote mbili bila bomba la kuunganisha, hewa nyevu ya chumba inaingia kwenye uwazi, na ya kwenye uwazi inaingia chumbani. Kila tundu la chumba lipitishwe ndani ya kipande cha bomba la plastiki kinachovuka uwazi wote, kikiwa kimeinamia nje kidogo. Uwazi upate hewa yake kwa vitundu vyake wenyewe.

Nyufa za mlalo na ukuta wa nje kutuna

Hili halina subira. Nyufa zinazofuata mstari wa mota, zikirudia kila sentimita 45 hivi kwenda juu, zinaonyesha vishikizo vimeshika kutu na kutanuka. Nimewahi kufungua ukuta nikakuta vishikizo ni waya wa kufungia nondo, umeliwa hadi kubaki unga mwekundu. Ukuta wa nje ulikuwa umesimama kwa mazoea tu. Weka pima maji au timazi. Ukikuta ukuta umetuna, ondoa watoto upande huo na mwite mhandisi. Vishikizo vipya vya chuma kisichoshika kutu vinaweza kuingizwa kwa kutoboa, lakini hesabu yake si ya kukisia.

Maji yanapoanzia juu

Kama doa linaanzia darini na kushuka, panda juu kabla ya kulaumu ukuta. Gata imejaa majani ya mwembe, bati limekatwa fupi, au uwazi umeachwa wazi juu na mvua ya upepo inamwagikia humo moja kwa moja. Upenu wa milimita 600 unaokoa ukuta kuliko dawa yoyote ya dukani. Angalieni majengo ya zamani mjini, hata stesheni ya reli iliyofika hapa mwaka 1914: kuta nene, matao yenye kivuli, mvua haigusi ukuta wa vyumba. Waliojenga nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi wana kazi zaidi, kwa sababu ukuta wote unalowa.

Kuhusu dawa za kupaka nje zinazodai kuzuia maji kabisa: kwenye tofali la kuchoma la ukuta pacha mimi sizipendekezi. Ufa mmoja mwembamba unatosha kuingiza maji, na baada ya hapo tofali haliwezi kukaukia nje. Ni vivyo hivyo kwa kuziba maungio kwa mota kali ya moja kwa tatu. Inakauka kuwa ngumu kuliko tofali, inapasuka pembeni, na nyufa hizo ndizo zinazonywa. Saruji moja kwa mchanga tano au sita inatosha, na ukipata chokaa nzuri, saruji moja, chokaa moja, mchanga sita ni bora zaidi. Mchanga uwe umeoshwa.

Nyumba zilizo karibu na ufukwe, kule Kibirizi au Katonga, zina jambo la ziada. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, maji ya ardhini yalipanda nalo. Dipisii huzuia unyevu. Haiwezi kuzuia maji yaliyosimama yanayosukuma. Hapo suala ni la msingi na kiwanja, na ukuta utasubiri.

Baada ya matengenezo, usipake rangi. Makadirio ya waashi wa zamani ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, na bloku ya ndani ya sentimita 15 itahitaji miezi kama sita. Kwangua lipu iliyooza, acha ukuta wazi upumue, na ukipiga lipu mpya iwe yenye chokaa.

Yule mama alivumilia ukuta mtupu kuanzia Juni. Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba alinipigia usiku, sauti imempanda: "Fundi, sasa unavuja nje! Maji yanatoka chini ya matofali." Nikamwomba achukue tochi ahesabu vitundu vinavyotoa. Akaenda na mjukuu wake, wakahesabu kwa sauti huku nasikia mvua kwenye simu. Vilikuwa 13 upande ule. 11 vilikuwa vinatoa. Viwili vya kona ya bafu vilikuwa vikavu. Jumamosi nikaenda na waya.